Mbavu za ndani: namna gitare yangu ya kwanza ilinifundisha, hapa Kashebere



Mimi ni agronomu. Nina lisansi, nilifanya utafiti wangu juu ya maharagwe, na bado nasubiri kazi kama wengi wenu. Lakini kwa sasa mikono yangu inashika raboti kuliko jembe. Leo sitaki kulalamika juu ya kazi. Nataka kueleza kitu kimoja kidogo ambacho kilinisumbua miezi minne: vipande vya mbao vinavyobandikwa kwa kola ndani ya gitare, chini ya ule ubao wa mbele wenye tundu. Ukinunua gitare huvioni. Ukiitengeneza mwenyewe, hivyo njo kazi yote. Sisi katika atelie tunaviita mbavu.

NAMNA ILIANZA

Kashebere iko fasi ile ambako Masisi inaishia na Walikale inaanza, kwenye barabara inayotoka Masisi, kupita Nyabiondo, kushuka kwenda msituni. Anayeijua barabara hiyo anajua maana yake wakati wa mvua. Kwaya ya vijana ya hapa ilikuwa na gitare moja, iliyonunuliwa Goma. Watu walipokimbia, ilikimbia nao juu ya mizigo, ikanyeshewa. Iliporudi, ubao wa mbele ulikuwa umevimba kama tumbo na shevale (kile kipande kinachoshika nyuzi upande wa chini) ilikuwa imeng'oka.

Mdogo wangu wa kike njo kiongozi wa sauti katika kwaya hiyo. Alihesabu bei ya gitare mpya, akahesabu na safari, akanyamaza. Mimi nilikuwa nasaidia jirani yetu, mzee fundi mbao, kwa vitanda, milango na, siku mbaya, masanduku ya kuzikia. Nikasema kwa haraka, bila kufikiri: «Tutakutengenezea.»

Mzee alicheka. «Mwanangu, nimetengeneza kila kitu kinachonyamaza. Kinachoimba sijajaribu. Lakini tuone.»

Mdogo wangu aliuza nusu ya maharagwe yake, akatuma mtu alete seti mbili za nyuzi za chuma. Alisema anataka gitare kwa Pasaka. Ilikuwa mwezi wa 11. Na baba aliposikia, aliniuliza neno moja tu: «Nililipa minervali miaka mitano ili uchonge mbao?» Sikujibu. Niliona kwamba gitare hii ikishindwa, nitakuwa nimeshindwa mara mbili.

KAZI MBILI ZINAZOPIGANA

Tuanze na msingi. Uzi peke yake hauna sauti. Funga uzi wa gitare kati ya misumari miwili kwenye jiwe, uupige: utasikia kidogo sana, juu uzi ni mwembamba na unakata hewa bila kuisukuma. Kinachosukuma hewa ni ubao wa mbele. Uzi unatikisa shevale, shevale inatikisa ubao, na ubao wenye upana mkubwa unatikisa hewa ndani na nje ya sanduku. Kwa hiyo ubao unapaswa kuwa mwembamba na mwepesi. Ule tulioutumia ulikuwa na milimita 3, unene wa kipande kidogo cha kadibodi.

Sasa angalia upande wa pili. Nyuzi sita za chuma, zikikazwa mpaka sauti yake kamili, zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo 70. Ni karibu mfuko mmoja na nusu wa simenti, unavuta usiku na mchana, hata gitare ikiwa imetundikwa ukutani. Nyuzi za nailoni zinavuta kidogo zaidi ya nusu ya hiyo. Ubao wa milimita 3 peke yake hauwezi kustahimili: utajikunja siku chache tu.

Njo maana kuna mbavu. Zinabeba mzigo ili ubao ubaki mwembamba. Lakini kila ubavu unaoongeza unaongeza pia uzito, na ubao mzito hautikisiki. Ukiweka nyingi, gitare inakuwa na nguvu na inanyamaza. Ukiweka chache, inaimba vizuri kisha inavunjika. Kazi ya fundi ni kutafuta fasi kati ya hizo mbili.

Kwa mimi agronomu, mfano ulikuwa nyuma ya nyumba: jani la mgomba. Jani lenyewe ni jembamba sana, linapaswa kuwa hivyo ili lipate jua bila kula chakula kingi cha mmea. Linalolibeba ni ule uti wa katikati. Ukiutazama, ni mnene karibu na shina, fasi mzigo ni mkubwa, kisha unapungua polepole mpaka kwenye ncha hauonekani tena. Mgomba hauweki nguvu fasi isiyohitajika. Ningekumbuka hilo tangu siku ya kwanza, ningeokoa miezi miwili.

Je, ni kweli ubao wa mbele ni muhimu kuliko sanduku lote? Mhispania mmoja, Antonio de Torres, fundi wa Almería aliyeishi kutoka 1817 mpaka 1892, alilithibitisha kwa namna ya ajabu. Mwaka 1862 alitengeneza gitare ambayo mgongo na pembeni zake ni karatasi iliyokandwa na gundi. Ubao wa mbele tu njo ulikuwa mti mzuri, wenye mbavu saba zilizopangwa kama kipepeo cha mkononi. Gitare ilifanya kazi. Ndani ya ubao ule wa mbele njo kulikuwa ufundi wake.

KOSA LA KWANZA: KUOGOPA

Mzee na mimi hatukumjua huyo Torres wakati ule. Tulijua paa. Paa lisianguke, unaweka shevroni. Basi tukaweka shevroni tano ndani ya gitare, zimelala kwa upana kutoka pembeni moja mpaka nyingine, sawa na vipago vya ngazi. Kila moja ilikuwa na upana wa milimita 20 na kimo cha milimita 20. Tulifunga sanduku mwezi wa kwanza, tukafunga nyuzi, tukamwita mdogo wangu.

Alipiga nyuzi zote mara moja. Ilitoka sauti fupi, kavu, kama mtu anayebisha hodi.

«Yaya,» aliniuliza kwa adabu, «hii ni gitare ao ni meza?»

Mzee alitoka nje akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Lakini alikuwa na haki. Tulitengeneza meza yenye nyuzi. Uzi ulitaka kutikisa ubao, na shevroni tano zikaukataza.

Neno moja kuhusu ngazi: namna hiyo ya mbavu siyo ujinga. Magitare ya zamani mengi ya Ulaya yalikuwa na mbavu za kulala kwa upana, na mpaka leo yako yanayotengenezwa vile. Kosa letu lilikuwa unene.

HESABU TULIYOISAHAU

Hapa nitawaomba mnivumilie, juu ni hesabu, lakini ni ndogo na inasaidia hata kwa anayejenga nyumba.

Chukua ubavu mmoja. Ukiuongeza upana mara mbili, ugumu wake (yaani namna unavyokataa kujikunja) unaongezeka mara 2. Uzito pia mara 2. Ukiuongeza kimo mara mbili, uzito ni mara 2 vilevile, lakini ugumu unaongezeka mara 8. Sababu ugumu unafuata kimo kikizidishwa chenyewe mara tatu: 2 × 2 × 2.

Utaiona hii kwa rula ya shule. Ilaze bapa juu ya vidole viwili uisukume: inajikunja. Isimamishe kwa ukingo wake uisukume tena: inakataa. Mti ni ule ule, uzito ni ule ule. Kilichobadilika ni kimo. Wajenzi wetu wanajua hilo, njo sababu madriye inawekwa wima, haiwekwi bapa.

Kwa hiyo ubavu wa gitare unapaswa kuwa mwembamba kwa upana na wima kwa kimo. Shevroni zetu za 20 kwa 20 zilikuwa na mbao nyingi za bure pembeni, mzigo mtupu.

Lakini hesabu hiyo hiyo inakata pande mbili. Ukipunguza kimo kidogo, ugumu unaanguka sana. Na hapo njo tuliingia katika kosa la pili.

KOSA LA PILI: HASIRA

Tulipasha kisu moto, tukakipitisha polepole kwenye mshono wa mgongo mpaka kola nyeupe ikalainika, tukafungua sanduku. Nilikuwa na aibu ya ile «meza». Nikachukua raboti ndogo na sizo, nikashusha shevroni zote kutoka milimita 20 mpaka milimita 7, bila kupima, bila kusikiliza. Tukafunga.

Sauti! Ilikuwa kubwa, nzito upande wa chini, tamu. Mdogo wangu aliruka. Kwaya ilifanya repetisyo siku mbili, na watu wa barabarani wakasimama kusikiliza.

Wiki ya tatu alikuja asubuhi, ameibeba kama mtoto mgonjwa. «Yaya, nyuzi zimekwenda juu. Vidole vinaniuma.» Niliweka rula juu ya ubao. Nyuma ya shevale ubao ulikuwa umepanda kama kilima. Mbele yake, upande wa tundu, ulikuwa umezama.

Nilikaa nikafanya hesabu ambayo ningeifanya mwanzo. 7 kwa 20, ikizidishwa yenyewe mara tatu. Ugumu uliobaki katika kila ubavu haukufika hata sehemu moja kwa 20 ya ule wa kwanza. Nilidhani nimepunguza theluthi mbili, kumbe nimeondoa karibu yote.

Na kulikuwa na kosa lingine chini ya hilo. Angalia namna nyuzi zinavyovuta. Zimefungwa juu ya shevale na zinakwenda kwenye kichwa cha gitare. Zinaivuta shevale kwenda mbele, kama mtu anayevuta nguzo kwa kamba akiwa ameishika juu. Nguzo inataka kuinama: upande wa mbele unasukuma ubao chini, upande wa nyuma unauinua juu. Njo maana ubao uliongia maji wa gitare ya Goma ulikuwa na tumbo fasi ile ile. Ili kuzuia kuinama huko, unahitaji mbavu zinazopita mbele na nyuma ya shevale, kwa urefu wa gitare ao kwa mshazari. Mbavu zetu zote zilikuwa zimelala kwa upana. Hakuna hata moja iliyopita chini ya shevale.

Zaidi ya hapo, seti ya kwanza ya nyuzi ilikatika katika kufungua na kukaza. Ilibaki seti moja, na wiki tano mpaka Pasaka.

KITABU KILICHOKUWA KARIBU

Siku hiyo mzee alifanya kitu ambacho mimi msomi sikufikiria. Alichukua gitare ya Goma, ile iliyoharibika, iliyokuwa imetundikwa pale atelie tangu siku ya kwanza. Akafungua mgongo wake. «Huyu alikufa,» alisema, «lakini aliimba miaka. Tumwangalie ndani.»

Ndani kulikuwa na mbavu mbili ndefu zinazokatana kama herufi X. Tulitandaza karatasi ya mfuko wa simenti tukachora kila kitu, tukapima kwa rula ya shule. Miezi mitatu tulikuwa na kitabu ukutani, na mimi, mwenye kupenda kusema habari ya utafiti, sikukifungua.

Ile X ina historia. Christian Friedrich Martin alitoka Saxony, Ujerumani, akahamia Marekani mwaka 1833. Katika miaka ya 1840 atelie yake ilianza kuweka mbavu za X. Wakati ule magitare yalifungwa nyuzi za utumbo wa mnyama, ambazo hazivuti sana. Baadaye, katika karne ya 20, nyuzi za chuma zilipoenea, watu wakagundua kwamba X inaweza kubeba nguvu hiyo. Leo magitare mengi ya nyuzi za chuma duniani yana X ndani. Ya Torres, ile ya kipepeo, inabaki hasa kwa magitare ya nailoni.

Hii njo namna tuliyofuata sisi. Vipimo ni vyetu, si sheria:

1. X yenyewe. Mbavu mbili, upana milimita 8, kimo milimita 15 pale zinapokatana. Zinakatana kati ya tundu na shevale, santimita 3 ao 4 kutoka ukingo wa tundu. Mikono yake ya chini inapita chini ya ncha mbili za shevale, hivyo shevale inakaa juu ya X kama mzigo juu ya mabega mawili.

2. Pale zinapokatana, kila ubavu unakatwa nusu ya kimo ili uingie katika mwenzake. Fasi hiyo ni dhaifu, hasa kwa ubavu ambao mkato wake umebaki wazi kwa juu. Tuliifunika na kipande cha kitenge kilicholoweshwa kola. Hata mafundi wakubwa wanaweka kitambaa hapo.

3. Ubavu mmoja wa kulala kwa upana juu ya tundu, upande wa mkono wa gitare. Huu ni mnene kidogo, juu mkono unasukuma ubao hapo na sehemu hiyo haitoi sauti nyingi.

4. Kibao cha mti mgumu, milimita 3, chini ya shevale. Nyuzi za chuma zinashikwa hapo na vifundo vyake. Bila kibao, vifundo vitakula ubao mlaini.

5. Mbavu mbili nyembamba za mshazari chini ya shevale, na vijiti viwili vifupi kila pembeni. Hivi havibebi mzigo mkubwa, vinasaidia ubao utikisike pamoja, usipasuke.

MTI: HAPA LISANSI ILISAIDIA

Magitare ya Ulaya yanatumia mti wa episea kwa ubao wa mbele. Sisi hatuna. Tulikuwa na sipre iliyopandwa katika milima ya juu ya Masisi, na grevilea ya mashamba. Grevilea tuliichonga mkono. Sipre tukaifanya ubao wa mbele na mbavu: ni nyepesi, nyuzi zake zimenyooka. Wahispania nao wanatumia sipre ya kwao kwa mgongo na pembeni za magitare ya flamenko.

Jambo la kwanza: nyuzi za mti. Mti mlaini kama huo una ugumu mara kumi ao zaidi kwa kufuata nyuzi kuliko kwa kukata nyuzi. Maana yake, ubavu ambao nyuzi zake zinatoka nje pembeni, hata ukiwa mnene, utapasuka hapo. Kwa hiyo usikate ubavu kwa msumeno tu. Pasua kwanza kwa shoka ao panga, kama unavyopasua kuni. Mti utakuonyesha wenyewe nyuzi zinakwenda wapi. Kisha piga raboti kufuata njia hiyo. Na ile miduara ya mwaka isimame wima katika ubavu.

Jambo la pili: ukavu. Mti ukiloa unapanuka kwa upana, lakini kwa urefu karibu haubadiliki. Sasa fikiria: mbavu zinakata nyuzi za ubao. Ubao unataka kupanuka ao kusinyaa, ubavu unakataa. Ukibandika mbavu mti ukiwa mbichi, siku ubao utakapokauka utavutana na mbavu mpaka upasuke. Ukibandika ukiwa mkavu, siku ya unyevu ubao utavimba kidogo kwa nje, na hiyo haina hatari kubwa. Kwa hapa kwetu, fasi mvua haina mapumziko marefu, hilo si jambo dogo.

Tulifanya kama tunavyofanya kwa sampuli za mbegu. Mbao zilikuwa zimekaa juu ya dari la jiko la mama tangu tulipoanza. Niliazima mizani ya muuza maharagwe, nikawa ninazipima kila wiki na kuandika. Wiki ya kwanza uzito ulishuka, ya pili ulishuka, mwishowe ukasimama. Uzito ukisimama wiki mbili, mti umetoa maji yote ambayo hewa ya fasi hiyo inaweza kuondoa. Hakuna mashine ya lazima. Na tulibandika siku ambayo mvua haikunyesha tangu siku mbili, ubao ukitoka moja kwa moja jikoni.

KUBANDIKA NA KUSIKILIZA

Kola haijazi tundu. Ubavu unapaswa kugusa ubao urefu wote, mpaka mwanga wa tochi usipite chini yake. Hatukuwa na vibano virefu vya kufika katikati ya ubao. Mzee alichukua fito za mianzi, akaweka ubao chini ya meza nzito, akazipindisha fito kati ya mbavu na upande wa chini wa meza. Kila fito inataka kunyooka, kwa hiyo inasukuma. Fito 20, na mbavu zote zilishikwa sawasawa. Tuliziacha siku nzima na usiku.

Kisha sehemu ambayo hakuna rula inaweza kuifanya. Unashika ubao kwa vidole viwili karibu na ukingo, unabisha na kiungo cha kidole pale shevale itakapokaa. Mwanzo unasikia «tok», fupi. Unachonga kidogo ncha za mbavu, zikielekea pembeni, mpaka zifike milimita 3. Unazipa mgongo mwembamba kama paa la nyumba, juu mti wa kwenye mabega ya ubavu ni uzito zaidi kuliko nguvu. Hugusi pale katikati, chini ya shevale na kwenye X. Unabisha tena. Polepole «tok» inakuwa «tuum» inayokaa kidogo hewani.

Kila mara nilitaka kuendelea. Kila mara mzee aliniambia: «Agronomu, weka sizo chini. Unywe maji kwanza.» Alinizuia mara tatu. Mbao uliyoondoa hairudi. Tuliacha wakati sauti ilikuwa imefunguka na gumba likisukuma ubao lilisikia bado kuna upinzani. Labda fundi mkubwa angeendelea. Sisi tulikuwa na seti moja ya nyuzi.

PASAKA

Ijumaa Kuu usiku tulikaza nyuzi, nusu tu, tukaziacha zilale. Jumamosi tukakaza zote. Sikulala vizuri. Niliamka mara mbili kwenda na rula na tochi.

Siku ya Pasaka mdogo wangu alipiga. Sitawadanganya kwamba ilishinda gitare ya dukani. Upande wa juu sauti ni nyembamba, na uzi wa tano unalia kidogo ukiugusa fasi ya pili. Lakini ilifika mpaka benchi ya nyuma bila kipaza sauti, na baba alikuwa kwenye benchi ya nyuma.

Nyumbani hakusema lolote mpaka jioni. Kisha akaishika, akaigeuza, akachungulia ndani ya tundu. «Hizi fito za ndani njo zilikula miezi yako?» Nikamwambia ndiyo. Baba ni mtu wa nyimbo za Mwenda Jean Bosco, yule wa Katanga ambaye Hugh Tracey alimrekodi kule Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952, kwa gitare isiyo na umeme. Akamwuliza mdogo wangu: «Unaweza kupiga kitu cha Mwenda?» Alijaribu, akakosea, baba akamwimbia polepole fasi alipokosea. Ile habari ya minervali hakuirudia.

Sasa ni miezi sita. Ubao nyuma ya shevale umepanda milimita 1, kisha ukasimama. Hiyo ni kawaida, mbavu zimechukua mzigo wake. Kwaya ya kijiji jirani imeomba moja, na tumekwisha kupasua sipre yake, iko juu ya dari la mama inapimwa kila wiki.

Kwa mwenzangu anayetaka kujaribu: tafuta kwanza gitare iliyokufa, uifungue. Pima kabla ya kuchonga. Kausha mti mpaka uzito usimame. Weka nguvu pale mzigo uko, uondoe pale haupo. Na uwe na mtu mzima karibu wa kukuambia weka sizo chini.

Mwenye swali aulize, nitajibu jioni nikirudi kutoka atelie. Kazi njema kwenu wote.